Mtamba Mwekundu Hajengi Hekalu

Pasaka ikikaribia, simu za waumini kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi na Nachingwea hupokea video ya aina moja. Picha ni ng'ombe wekundu zizini. Sauti ni ya mhubiri mwenye haraka: ng'ombe wamefika Israeli, madhabahu iko tayari, Hekalu la tatu la Yerusalemu, baada ya mawili ya kale yaliyobomolewa, linajengwa, Mpinga Kristo yuko mlangoni. Jioni ujumbe huo huo hupanda jukwaani kwenye mkutano wa injili, spika zimeelekezwa barabarani, na jirani anayetoka msikitini baada ya Isha anausikia wote, ukiwemo ule mstari kwamba msikiti wa Yerusalemu lazima uondoke.

Humo ndani mna ukweli wa kutosha kumfanya mtu ameze na yaliyobaki. Ng'ombe walifika kweli. Vyombo vya hekalu vimetengenezwa kweli. Lakini kati ya ng'ombe na hekalu kuna ngazi ndefu, na mahubiri haya huruka vidato karibu vyote.

Tuanze na ng'ombe, maana ndiye anayepigiwa kelele. Septemba 2022 mitamba watano walisafirishwa kwa ndege kutoka Texas, Marekani, hadi Israeli, kwa juhudi za Wakristo wa Marekani wakishirikiana na Wayahudi wanaotaka Hekalu lirudi. Sheria yake imo katika Hesabu 19. Mtamba awe mwekundu, asiwe na dosari, asiwe amewahi kufungwa nira. Anachinjwa nje ya kambi na kuchomwa mzima, ngozi, nyama, damu na mavi yake, pamoja na mti wa mwerezi, hisopo na sufu nyekundu. Majivu yanawekwa mahali safi. Mtu aliyegusa maiti hunyunyiziwa maji ya chemchemi yaliyotiwa majivu hayo, siku ya 3 na siku ya 7.

Hayo ni ya Biblia. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilishwa mnamo mwaka 200 BK, unakaza zaidi. Umri uwe miaka mitatu au minne kwa kauli ya wengi. Nywele mbili tu za rangi nyingine zikikutwa pamoja, mnyama hafai. Kazi nayo imechunguzwa hadi chini: ndege akitua mgongoni haina neno, lakini mtu akimwekea mnyama vazi lake mgongoni, huyo amekwisha. Mkulima wa Newala aliyeona gunia lake la korosho likishushwa daraja kwa sababu ya punje chache mbovu ataelewa ukali huu kuliko mhubiri anayesema "wekundu kabisa" kwa kutazama picha. Mwaka 1996 alizaliwa ndama mwekundu katika kijiji cha Kfar Hasidim, akaitwa Melody, na magazeti ya dunia yakaandika mwisho umekaribia. Zikaota nywele nyeupe mkiani. Habari ikaishia hapo.

Tuseme mtamba amepatikana, hana unywele mbaya, ametimiza umri. Nani amchome? Kuhani aliye safi. Lakini usafi wenyewe unatokana na majivu ya mtamba aliyetangulia, na majivu ya zamani hayapo. Wazee wa Mishna walilijua tatizo la unajisi wa maiti vizuri mno. Wanasimulia nyua zilizojengwa Yerusalemu juu ya mwamba, na chini yake uwazi, ili kama kuna kaburi lililosahaulika ardhini, unajisi wake usipande. Wajawazito walikwenda kujifungulia humo, na watoto wakalelewa humo bila kukanyaga ardhi ya kawaida. Siku ya kuchota maji waliletwa mafahali wenye milango ya mbao migongoni. Watoto wakaketi juu ya milango, vikombe vya mawe mkononi, wakapelekwa hivyo hadi birika la Siloamu. Mlango ule uliwakinga na chochote kilichofukiwa njiani. Huo ndio utaratibu uliozunguka majivu haya, na hakuna video hata moja ya mtamba inayoonyesha mtoto juu ya fahali.

Kuna na mahali. Mtamba alichomwa Mlima wa Mizeituni, kuhani akiwa ameelekea mlango wa Hekalu ng'ambo ya bonde. Kuna na nasaba: Ezra 2 inasimulia makuhani waliotoka Babeli wakatafuta majina yao katika orodha ya vizazi, wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Ikiwa miaka 70 ya uhamisho ilitosha kuvuruga orodha, fikiria miaka 1,900 na ushei. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alihesabu mitamba tisa tu tangu Musa hadi Hekalu la pili kubomolewa, na wa kumi akamwachia Masihi mwenyewe amtayarishe.

Na hata majivu yakipatikana kilo kwa kilo, kazi yake ni kumtakasa mtu anayetaka kuingia. Hayaweki jiwe juu ya jiwe.

Sasa mlima wenyewe. Waislamu wanauita Haram al-Sharif, Wayahudi Mlima wa Hekalu. Ukuta wake wa magharibi una mita takriban 488, wa mashariki 470, wa kaskazini 315, wa kusini 280. Eneo lote ni kama ekari 35. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, inaingia miti kama 980; ni shamba la mkulima wa kati, si nchi. Katikati imesimama Kuba ya Mwamba, iliyokamilika mwaka 691 au 692 chini ya Khalifa Abd al-Malik, na upande wa kusini Msikiti wa Al-Aqsa. Israeli iliteka eneo hilo Juni 1967, na Moshe Dayan, waziri wa ulinzi, akaamuru bendera ya Israeli iliyokwisha kupandishwa juu ya Kuba ishushwe. Uendeshaji ukabaki kwa Wakfu wa Kiislamu ulio chini ya Jordan, na mkataba wa amani wa 1994 ukaitambua nafasi hiyo ya Jordan.

Jambo ambalo waumini wengi hawalisikii jukwaani ni hili: kwenye njia ya kupandia mlimani kuna tangazo la Urabi Mkuu wa Israeli likisema sheria ya Torati inamkataza Myahudi kuingia, kwa utakatifu wa mahali hapo. Sababu ni ile ile ya unajisi wa maiti, pamoja na hofu ya kukanyaga Patakatifu pa Patakatifu bila kujua. Wapo Wayahudi wanaopanda hata hivyo, na idadi yao imekua miaka ya karibuni. Lakini hata wanaotaka kujenga hawakubaliani patakatifu palikuwa wapi hasa: wengi wanasema pale penye mwamba chini ya Kuba, wengine kaskazini yake, wengine kusini. Mafundi wasioafikiana msingi ulipo hawaagizi saruji.

Jukwaani husomwa pia Ezekieli 40 hadi 48 kama ramani ya jengo. Isomwe basi na vipimo vyake. Mwanzi wa kupimia una dhiraa sita ndefu, yaani kama mita tatu. Andiko la Kiebrania linasema mianzi 500 kila upande: kilomita moja na nusu, zaidi ya ekari 550. Haiingii kwenye ekari 35 hata ukiondoa kila kilichopo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema dhiraa 500, na hapo inaingia. Mhubiri anayesema "neno kwa neno" inabidi achague neno lipi. Inabidi pia aeleze dhabihu za Ezekieli 45, ambazo andiko linasema ni za kufanya upatanisho, wakati Waebrania 10 inasema sadaka ya dhambi haipo tena baada ya Kristo kujitoa mara moja. Wengine hujibu kwamba zitakuwa za ukumbusho tu. Ezekieli hakusema ukumbusho.

Kama mtu ana hamu ya ishara, basi afuate Ezra 3. Waliorudi kutoka Babeli walisimamisha madhabahu kwanza, wakaanza kutoa sadaka za kuteketezwa kabla msingi wa Hekalu haujawekwa. Madhabahu ya mawe yasiyochongwa kwa chuma haihitaji winchi wala kuba. Ndiyo maana kila Pasaka vikundi vidogo vya Wayahudi hujaribu kupandisha mwana-mbuzi mlimani, na polisi wa Israeli huwakamata njiani. Sheria yao inaruhusu dhabihu ya Pasaka kutolewa hata kama taifa zima lina unajisi, kwa hiyo mbuzi huyo hamhitaji mtamba. Kwa mtazamaji makini, yule mbuzi kwenye buti ya gari ana uzito kuliko ng'ombe watano wa Texas. Na Taasisi ya Hekalu, iliyoanzishwa Yerusalemu mwaka 1987, imetengeneza kinara chenye kilo 45 za dhahabu. Kimesimama kwenye kasha la kioo karibu na ngazi za kushukia Ukuta wa Magharibi, watalii wanapiga nacho picha.

Nani aliwahi kujaribu kujenga kweli? Kaisari Juliano, mwaka 363. Aliukana Ukristo, akatoa fedha za hazina, akamweka Alipio wa Antiokia kusimamia. Mwandishi wa wakati huo, Ammianus Marcellinus, ambaye hakuwa Mkristo, anasema mapande ya moto yalilipuka karibu na misingi na kuwaunguza wafanyakazi. Mwaka huo huo tetemeko kubwa lilipiga nchi hiyo. Juliano akafa vitani Uajemi kabla mwaka haujaisha. Watu wenye mamlaka, fedha na kiwanja walishindwa. Ng'ombe hawakuwa tatizo lao.

Tugeukie maandiko yenyewe, maana hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Sisi tuna neno moja, hekalu. Kigiriki cha Agano Jipya kina mawili: hieron, eneo zima na nyua zake, na naos, nyumba ya ndani, patakatifu penyewe. Wafanya biashara waliofukuzwa na Yesu walikuwa kwenye hieron. Paulo anapoandika 2 Wathesalonike 2:4, kwamba mtu wa kuasi ataketi katika hekalu la Mungu, anatumia naos. Na kila mahali pengine neno hilo linapotokea katika nyaraka zenye jina lake, ni watu: 1 Wakorintho 3:16 na 6:19, 2 Wakorintho 6:16, Waefeso 2:21. Jengo la Yerusalemu analigusa 1 Wakorintho 9:13, na hapo anasema hieron. Hiyo haimalizi mjadala, lakini inamtaka mhubiri atoe sababu kwa nini mstari mmoja usomwe tofauti na minne.

Wapo wanaosema Paulo alimaanisha jengo, na hoja yao si ya kudharau. Waraka huo kwa kawaida huwekwa mnamo mwaka 50 au 51, Hekalu likiwa bado limesimama. Miaka kumi nyuma, mwaka 40, Kaisari Caligula alikuwa ameamuru sanamu yake iwekwe humo, na aliuawa kabla haijawekwa. Msomaji wa Thesalonike aliposikia "ataketi katika hekalu" angeweza kukumbuka hilo mara moja. Sawa. Lakini jengo hilo lilibomolewa na Tito mwaka 70. Neno "litakalojengwa upya" halimo kwenye mstari. Limeongezwa na msomaji wa baadaye ili mstari uendelee kuishi.

Danieli 9 ndiyo nguzo ya hesabu za mwisho wa dunia. Majuma 70, kila juma likihesabiwa miaka saba, ni miaka 490. Majuma 7 na 62 hufikisha kwa Masihi: miaka 483. Uanzie wapi? Ukianza na amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, kwa Ezra, 457 KK, unaangukia mwaka 27 BK, kwa kuwa mwaka sifuri haupo. Wasabato huanzia hapo, na kwa siku 2300 za Danieli 8, wakizisoma kama miaka, hufika 1844. Ukianza na ruhusa ya Nehemia, 445 KK, unafika mwaka 39 BK, umeshampita Yesu. Ndipo Robert Anderson, ofisa wa polisi wa London, mwishoni mwa karne ya 19 akaufanya mwaka kuwa wa siku 360: 483 mara 360 ni siku 173,880, akazishusha Aprili ya mwaka 32. Hesabu ni safi. Ila sababu ya kuchagua siku 360 ni kwamba 365 hazifiki panapotakiwa.

Juma moja linabaki. John Nelson Darby, mhubiri wa Uingereza aliyefariki 1882, na waliomfuata walilikata, wakalisukuma mwisho wa dunia, wakaweka pengo katikati. Maelezo ya Biblia ya Scofield ya 1909 yakaueneza mchoro huo hadi kwa wahubiri wasiojua ulikotoka. Pengo sasa ni refu mara nne kuliko ile miaka 483 yenyewe. Na yule "naye" wa mstari wa 27, atakayefanya agano na kuikomesha dhabihu, hajatajwa jina. Darby anasema ni Mpinga Kristo. Wengine wanasema ni Masihi, aliyezikomesha dhabihu kwa kifo chake. Wengine wanarudi kwa Antioko Epifane, mfalme wa Kigiriki wa Shamu aliyelinajisi Hekalu mwaka 167 KK. Kiebrania hakimtenganishi, na Kiswahili nacho vivyo hivyo. Ujenzi wa hekalu jipya katika mstari huo haupo. Unadhaniwa tu, kwa hoja kwamba dhabihu haiwezi kukomeshwa kama haijaanza.

Ufunuo 11 nao unategemea umeandikwa lini. Yohana anaambiwa apime hekalu na kuuacha uwanja wa nje ukanyagwe miezi 42. Kama kitabu ni cha kabla ya 70, jengo lipo mbele ya macho. Kama ni cha mwishoni mwa utawala wa Kaisari Domitiano, karibu 95, kwa ushuhuda wa Irenayo, askofu wa kanisa la kale, jengo limeshakuwa kifusi kwa miaka 25, na anayesoma lazima achague kati ya mfano na hekalu lijalo. Kitabu hicho hicho, 21:22, kinasema Yohana hakuona hekalu katika mji mpya.

Irenayo huyo, aliyeandika mnamo mwaka 180, alifundisha kwamba Mpinga Kristo ataketi katika hekalu la Yerusalemu miaka mitatu na miezi sita. Kwa hiyo anayesema fundisho zima lilibuniwa na Waingereza wa karne ya 19 anakosea. Na waliosoma manabii neno kwa neno walisema Wayahudi watarudi katika nchi yao, wakachekwa; 1948 ikaja. Hilo ni la kuheshimiwa. Kilichofuata ndicho kibovu: 1948 jumlisha kizazi cha miaka 40 ikawa 1988. Haikutimia. 1967 jumlisha 40 ikawa 2007. Kizazi kikarefushwa hadi miaka 80 kwa Zaburi ya 90, ikapatikana 2028. Kipimo kinachonyooshwa kila kinapofupika si kipimo.

Hapa kusini makanisa yenyewe hayasomi kwa namna moja, japo waumini wake wanapokea video moja. Mkatoliki wa Ndanda, Mwanglikana wa Masasi na Mlutheri wa Mtwara wamerithi usomaji unaoona hekalu limetimia katika Kristo na kanisa. Msabato anatazama patakatifu pa mbinguni. Hekalu la tatu kama ishara ni la makanisa mengi ya kiroho, na hata humo si kwa wote.

Mambo haya yana gharama nje ya kanisa. Tarehe 21 Agosti 1969 Denis Michael Rohan, Mkristo kutoka Australia, aliingia Al-Aqsa akawasha moto, akiamini anasafisha kiwanja ili Hekalu lijengwe na Yesu arudi. Mimbari iliyoletwa na Salahuddin, ya karibu miaka 800, ikateketea. Mahakama ilimkuta hana akili timamu, lakini mpango aliokuwa nao kichwani haukuwa wa kwake peke yake; ulihubiriwa na watu wenye akili zao. Mwezi uliofuata viongozi wa nchi za Kiislamu wakakutana Rabat, na hapo ukazaliwa umoja wa OIC, ule ule ambao kujiunga kwa Zanzibar kulitikisa Muungano wetu mwaka 1993 hadi Zanzibar ikajitoa. Kiberiti cha mtu mmoja mwenye hamu ya unabii kilifika hadi bungeni Dodoma. Januari 2024, msemaji wa kijeshi wa Hamas naye aliwataja ng'ombe wekundu katika hotuba ya vita.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina Waislamu wengi. Mahali ambapo mhubiri anapaita kiwanja, jirani yake anapaita kibla cha kwanza. Anayetaka kulitaja Hekalu jukwaani ana haki hiyo, ila ataje na ngazi yake: mtamba yupi, ana umri gani, alichomwa mlima upi, kuhani alitakaswa kwa majivu gani. Akikosa jibu la swali la nne, matatu ya kwanza hayamsaidii.

Lindi yenyewe si mgeni wa habari za namna hii. Mwaka 1908, miaka mitatu tangu Maji Maji ianze, ilipitiwa na barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye jina la Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, aliyeonywa ndotoni kwamba mwisho umekaribia na watu watubu. Wajerumani wakaingiwa na hofu ya vita vipya. Ile ilipita mkono kwa mkono, nakala kwa nakala, kwa mwendo wa miguu. Ya mtamba inafika Liwale kabla mtamba mwenyewe hajamaliza kucheua.